Maharagwe Yalikuwa na Jina la Siri

Juma lililopita binti yangu alirudi kutoka shule, akajitupa kitandani na viatu vyake, akakataa kula. Wenzake walikuwa wamemcheka kwenye simu, katika kile kikundi cha darasa ambamo wanapaswa kupeana kazi za nyumbani. Mtu alikuwa amepiga picha ya sketi yake iliyopasuka nyuma, na kufikia jioni hata binamu zake wa Bunia walikuwa wameiona. Aliniambia kwamba siwezi kuelewa, maana utotoni mwangu kuchekwa kuliishia kwenye lango la shule. Nilikaa pembeni ya kitanda, nikamvua viatu, nikamwambia kwamba sisi tulikuwa na phonie.

Hakujua phonie ni nini. Wakati wa vita simu za Kisangani zilikuwa zimekufa, barua hazikwenda popote, na aliyekuwa na ndugu mbali alibaki na redio ya mawimbi: sanduku la chuma, betri ya gari, waya mrefu juu ya bati, na bwana mmoja wa miwani aliyeshika kipaza sauti. Ulikwenda kwake, ukakaa kwenye benchi, ukangoja zamu yako ya kuongea na watu wako wa Butembo au Isiro. Uliongea kwa kupiga kelele. Ukimaliza sentensi ulisema “à vous”, yaani zamu yenu, na ndugu yako naye akapiga kelele zake. Benchi zima lilisikia. Vituo vyote vilivyokuwa kwenye mawimbi yaleyale vilisikia pia. Na mawimbi yakiwa mabaya, bwana wa miwani alichukua kipaza sauti mwenyewe na kurudia maneno yako moja moja, kwa sauti ya padri anayetangaza ndoa.

Mama yangu alikuwa mteja wake mkubwa. Sisi ni watu wa Kivu ya Kaskazini, na mama alikuwa na duka la jumla katika mtaa wa Tshopo. Kaka yake, tonton wetu wa Butembo, alimpelekea maharagwe kwa ndege. Mpunga aliununua Yanonge, ukapanda mto hadi mjini kwa mashua ya mbao yenye injini. Shida ilikuwa askari. Kwenye phonie daima alikaa askari mmoja mwenye kofia machoni, akijifanya amelala, na ukitaja magunia yako hadharani, ndege ilipotua uliwakuta wenzake wanayangoja kwa upendo. Kwa hiyo wafanyabiashara wa kwetu walikuwa na lugha yao. Gunia la maharagwe liliitwa mgonjwa. Askari aliitwa daktari. Kuuza ilikuwa kupona. Mama aliweza kuongea nusu saa nzima juu ya wagonjwa, na mtu asiyejua angedhani anaendesha hospitali.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yamepigania mji wetu kana kwamba sisi hatumo ndani yake, tukakaa siku kadhaa chini ya meza ya duka, na nilipotoka chini ya meza ile nilikuwa na ugonjwa mpya: nilikojoa kitandani. Si mara moja moja. Kila siku ya Mungu, kama mtu aliyeajiriwa. Mama hakunigombeza. Kila asubuhi alibeba godoro langu nyuma ya nyumba, akaliweka juani, kisha akatandaza juu yake makayabu, wale samaki wa chumvi, ili jirani akiuliza harufu, aone jibu mbele yake. Jirani mmoja alimsifu kwamba samaki wake wanakauka vizuri kuliko wa wengine. Akanunua wanne.

Kwa hiyo siri ilikuwa salama. Ilikuwa salama mpaka Jumamosi ile niliyomsindikiza mama kwa phonie.

“Bagonjwa kumi na tano banafika jana,” mama akapiga kelele. “Banaendelea muzuri. À vous.”

“Daktari alibaona? À vous,” tonton akauliza kutoka Butembo, katikati ya kelele za mawimbi.

“Hapana. Daktari alikuwa analala. À vous.”

Askari wa kofia hakutikisika. Nilijivunia mama yangu. Kisha akavuta pumzi na kusogeza mdomo karibu na kile chuma.

“Bon, sasa iko na maneno ya mutoto. Ule wa pili. Tangu mabombe, anakojola ku kitanda. Kila siku. Utume ile dawa ya koko. À vous.”

“Sikusikia. Mutoto anafanya nini? À vous.”

Mama akarudia yote, hadi dawa ya koko, ndiye bibi yetu. Tonton hakusikia. Mama akarudia tena, na ndipo bwana wa miwani, kwa moyo wake mwema wa kazi, akamnyang’anya kipaza sauti.

“Butembo, Butembo, ninarudilia. Mutoto mwanamuke, miaka kumi na mbili, anakojola ku kitanda. A-na-ko-jo-la. Kila siku. Mama yake anaomba dawa ya mizizi. Bien reçu? À vous.”

Kabla tonton hajajibu, sauti ya mwanamke tusiyemjua ikaingia kati. “Kisangani, hapa Bafwasende. Sisi tunabapatiaka panzi ya kuchoma. Iko inasaidia. À vous.” Mama alimshukuru. Akamuuliza ni panzi wangapi, asubuhi au jioni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na kikapu magotini, nikitamani majeshi yale mawili yarudi kumalizia kazi yao.

Tulipotoka nje nilimuuliza kwa nini maharagwe yana jina la siri na mimi sina. Mama alisimama njiani akanitazama kwa mshangao wa kweli.

“Maharagwe banayaiba,” alisema. “Wewe, nani atakuiba?”

Mlangoni pa phonie palikuwa na mwanamke aliyeuza kwanga, ile mikate ya muhogo, mtu wa upande wa Yanonge, na binti yake alimsaidia kila asubuhi kwa sababu shule yetu ilianza mchana. Binti yule alisoma darasa letu. Alikuwa mrefu, shingo ndefu, na masikio yake hayakuhitaji waya juu ya bati. Kila siri iliyopita kwenye phonie ilipita kwanza mbele ya beseni lake la kwanga. Na alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena kwa mtu mwingine: alimwigiza bwana wa miwani kwa namna ambayo ukifumba macho ulimwona. Wakati wa mapumziko alipanda juu ya tofali, akavua ndala moja, akaishika mbele ya mdomo, akasema, “Allô, allô, Kisangani, hapa Kisangani,” na shule nzima ikakusanyika. Tulimwita Mtangazaji.

Hapa ni lazima niseme ukweli ambao binti yangu hakuufurahia. Kabla ya siku yangu, hakuna aliyewacheka wengine kuliko mimi. Kulikuwa na mvulana wa benchi la mbele ambaye baba yake, kutoka Isiro, aliagiza kwa phonie asinunuliwe viatu, maana atarudia mwaka na miguu yake itakuwa imekua. Mtangazaji alilisoma agizo lile siku tatu mfululizo kwa maombi ya wasikilizaji, na mmoja wa wasikilizaji walioomba nilikuwa mimi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mvulana alikuwa amesimama palepale, miguu mitupu, akitabasamu kama mtu anayeumwa jino. Sikuwahi kumwomba msamaha. Siku hizi anauza sabuni katikati ya mji na hunisalimia vizuri, jambo ambalo linanisumbua zaidi.

Jumatatu nilifika shuleni nikiwa nimeomba rozari nzima njiani. Sikusaidiwa. Mtangazaji alikuwa tayari juu ya tofali, ndala mdomoni. Hakuruka neno. A-na-ko-jo-la alilikatakata vilevile, na hata mwanamke wa Bafwasende alimpa sauti yake. Kufikia mwisho wa mapumziko nilikuwa nimepewa jina: Barrage. Pale Tshopo tuna barrage, lile bwawa linalotupa umeme, na shule yetu ilipakana na mashine ya kusaga mihogo iliyonguruma mchana kutwa. Umeme ulipokatika, na ulikatika kila siku, mashine ilinyamaza. Basi tangu Jumatatu ile, mashine ikinyamaza, vichwa hamsini viligeuka kwangu.

“Barrage inapasuka,” walisema kwa pamoja, kama wanajibu misa.

Mwanzoni niliamua kuwa na heshima. Nilitazama ubao. Lakini heshima huwezi kuishika kwa muda wa saa nne kila siku. Nikaacha kunywa maji. Nilifikiri nikikauka kabisa ndani, ugonjwa utakosa cha kufanyia kazi. Nilikunywa bilauri moja asubuhi na basi, katika joto lile la kwetu. Midomo ikapasuka, kichwa kikaniuma kutoka asubuhi hadi jioni, nikaanza kusinzia kwenye hesabu, na siku moja mwalimu aliponiuliza mto gani unaopita Kisangani nikakosa jibu, mimi niliyeusikia mto huo tangu tumboni mwa mama. Nilikuwa wa tatu darasani. Nikawa wa thelathini na kitu. Na kitandani bado nilikojoa, sijui yale maji yalitoka wapi.

Lililoniumiza kuliko yote ni mwalimu. Hakuwa mtu mbaya. Hakulipwa, kama walimu wote wa wakati ule, na alifundisha akiwa na njaa. Alasiri moja mashine iliponyamaza, darasa likasema sala yake, nami nikamtazama yeye ili awanyamazishe. Alikuwa ameuelekea ubao. Niliona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka.

Siku ile nilimwambia mama kwamba sirudi shuleni tena. Nilimwambia nitapanda ndege ya maharagwe pamoja na magunia matupu, nikaishi kwa tonton Butembo. Mama aliweka kalamu chini.

“Kicheko haiko bombe,” alisema.

“Bombe ilimaliza siku sita,” nikamjibu. “Hii iko juma la sita.”

Mama alihesabu kwa vidole, akasema nimalize trimestre, yaani muhula. Kama bado ningetaka kwenda Butembo, angeniandalia nafasi kwenye ndege. Zilibaki siku kumi. Nilizihesabu kama mfungwa. Butembo niliijua kwa hadithi tu: baridi, viazi, na shangazi asiyecheka. Mtihani wa mwisho ningeukosa, mwaka ningeurudia huko miongoni mwa watoto wadogo, na mama ningemwona mara moja kwa mwaka. Lakini nilikwisha kata shauri.

Wakati huohuo wafanyabiashara walikuwa wamebadilisha lugha yao. Ilibidi. Askari wa kofia alikuwa ameanza kujiuliza kwa nini Butembo yote inaleta wagonjwa wake Kisangani, mahali ambapo hospitali haikuwa hata na aspirini. Kwa hiyo magunia sasa yaliitwa mzee. Kufika salama ilikuwa kupona homa. Kuyaficha, askari wakikaribia, ilikuwa kumzika mzee. Mimi sikujua lolote kuhusu mabadiliko hayo. Nilikuwa nikishughulika na kukauka.

Alhamisi ya juma lile niliambiwa shuleni kwamba Mtangazaji hatakuja, amefiwa na baba yake. Baba yake ndiye aliyekuwa nahodha wa ile mashua iliyobeba mpunga wa mama kutoka Yanonge. Tofali lake lilibaki tupu uwanjani. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Sikufurahia kifo, nilifurahia tofali. Halafu nikaogopa sana kwamba Mungu ameona, nikasali haraka sala ya marehemu, na katikati yake nikasahau maneno.

Mchana ule darasa zima tulikwenda kwenye matanga pamoja na mwalimu, kama inavyotakiwa. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, wanawake wamekaa chini na miguu imenyooshwa, wanaume kwenye viti vya kuazima. Mbuzi wa marehemu alikuwa tayari chunguni. Askari wawili walikuwa pale na sahani zao. Askari wa kwetu hawakukosa msiba wenye mbuzi. Mama yangu alikuwa amenitangulia, amejifunga kitenge kichwani, analia kwa machozi ya kweli. Alimpenda nahodha yule. Aliniambia kwa kunong’ona kwamba angalau, maskini, kabla hajafa aliuweka mpunga mahali pazuri. Juzi tu alipata habari kwenye phonie.

Mtangazaji alikuwa amenyolewa nywele zote. Shingo yake ilionekana ndefu zaidi. Kila kikundi kipya cha waombolezaji kilipofika, mama mkubwa wake alimsogeza mbele asimulie habari ilivyokuja, kwa sababu yeye ndiye aliyeisikia kwa masikio yake. Ilipofika zamu yetu alisimama, akatazama chini, na bila kutaka, nadhani hakuweza namna nyingine, sauti ya bwana wa miwani ikamtoka.

“Allô, Kisangani, hapa Yanonge. Mupashe mama ya duka. Muzee alilala juzi. Tulimuzika karibu na maji, pahali pazuri. Asilie. Tutafika Posho. À vous.”

Posho ndiyo Jumamosi yetu. Wanawake wakapiga yowe. Mama yangu, aliyekuwa amefungua mdomo ili apige lake, aliufunga.

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa unapita kutoka rangi moja hadi nyingine. Mama ya duka alikuwa yeye. Mzee alikuwa magunia yake; lakini nyumbani kwa Mtangazaji, muzee aliyekuwa Yanonge alikuwa baba. Alikuwa amekaa saa mbili akilia kwa sababu ya habari aliyoipokea yeye mwenyewe juzi, akaisoma kwenye karatasi ya bwana wa miwani, akafurahi, na kuagiza bia moja. Alipoambiwa na majirani kwamba phonie imeleta habari ya kifo cha nahodha, alidhani ni habari nyingine. Alinishika mkono, akaniinua, akasema kwa sauti, ili watu wasikie, kwamba mtoto anajisikia vibaya. Na mimi nilikubali, kwa sababu nilikuwa Barrage, na hakuna aliyeshangaa.

Nyumbani alifunga mlango na kunieleza yote.

“Donc papa yake hakufa,” nikasema.

“Iko muzima kama wewe. Posho anafika na muchele yetu.”

“Basi tuende kubaambia.”

“Tubaambie nini? Basoda banakula pale. Ule mama akiacha kulia, batamuuliza kwa nini. Atasema. Kesho banaenda Yanonge banachimbua kila kitu, na ule papa banamufunga. Leo iko Alhamisi. Siku mbili tu. Atafika, batamuona, batafurahi.” Kisha akaongeza, bila kunitazama, “Na ule mutoto anakuchekaka, hapana?”

Nilisema ndiyo. Siku mbili. Mimi nilikuwa na majuma sita. Nililala vizuri, na asubuhi godoro likaenda kwa makayabu kama kawaida.

Ijumaa asubuhi mama alinituma kwenye matanga na kuni na sabuni, nadhani kwa sababu ya dhamiri. Nilizunguka nyuma ya nyumba ili nisipite mbele za watu. Mtangazaji alikuwa peke yake kule, karibu na ukuta. Miguuni pake palikuwa na mkeka aliolalia, na mkononi ndoo ya maji. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akajikwaa. Alijikwaa vizuri sana, hata akasema “aï”, na ndoo nzima ikamwagika juu ya mkeka.

Mimi niliijua ndoo ile. Nilikuwa nimejikwaa hivyo mara tisa kwa mama mkubwa wangu, tulikolala siku za kwanza baada ya mabomu, kabla mama hajabuni samaki. Nilitambua kazi ya fundi mwenzangu. Aliinua kichwa, akaniona. Alijua kwamba ninajua. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Hakuwa amekunywa maji tangu siku iliyopita, na sikuhitaji kuuliza kwa nini.

Nilikuwa na kila kitu mkononi. Jumatatu ningepanda juu ya tofali lake na ndala yangu mwenyewe. Nilikwisha kuisikia shule inacheka. Lakini alikuwa amesimama na ndoo tupu, kichwa kimenyolewa, na alionekana mdogo, na ilinijia kwamba anadhani baba yake yuko ndani ya udongo karibu na maji, na mimi ninajua hayuko. Nilimwonea huruma hadi nikakasirika. Niliweka kuni chini.

“Papa yako hakufa,” nikamwambia. “Lakini hauwezi kusema.”

Nilimweleza lugha yote: mzee, kuzika, homa, mpaka wagonjwa wa zamani. Niliitoa siri ya mama na ya wafanyabiashara wote wa kwetu, na kumpa mtu mwenye mdomo mkubwa kuliko wote Kisangani. Yeye alisikiliza bila kupepesa jicho, halafu akakaa chini juu ya mkeka ule uliolowa, akafunika uso, akalia kwa mara ya kwanza bila sauti ya mtu mwingine.

“Utanisema?” aliniuliza mwisho, akitazama mkeka.

“Wewe utaisema muchele?”

Alitikisa kichwa. Mimi nikatikisa cha kwangu. Kisha alisimama, akajipangusa, akavuta pumzi, akaenda mbele ya nyumba na kupiga yowe ambalo mpaka leo naliheshimu. Alimwambia mama yake sikioni, katikati ya kukumbatiana, na mama yake naye akapiga yowe. Walilia hivyo Ijumaa nzima, mama na mtoto, bila hata mtu mmoja kushuku. Tofauti ilikuwa moja tu: mjane, ambaye hakuwa amegusa chakula, aliomba sahani. Akala. Akaomba pilipili. Wifi zake walitazamana. Mama yangu, aliyekuja jioni na kitenge chake kichwani, aliutazama mfupa wa mbuzi mkononi mwa mjane, kisha akanigeukia polepole. Nilitazama turubai.

Jumamosi nahodha alifika. Alikuwa ametangulia kwa miguu kutoka ukingoni, na alipoona turubai mbele ya nyumba yake alivua kofia na kuuliza kwa upole nani amekufa. Wazee wawili waliruka ukuta ambao siku nyingine wasingeuvuka hata kwa ngazi. Bwana wa miwani, aliyekuja kutoa rambirambi za kampuni yake, alijificha nyuma ya askari, na askari nyuma ya chungu. Watu walipoelewa kwamba ni mzima walianza kucheza, na yeye alicheza nao mpaka alipomwuliza mke wake mbuzi yuko wapi. Hapo akaacha kucheza. Lawama zote ziliangukia mawimbi mabaya, na mawimbi hayakujitetea. Askari wakiwa bado nyuma ya chungu, mpunga ulikwisha fika dukani.

Mama hakunipiga. Aliniuliza tu nilipata wapi ujasiri wa kumpa mtu siri ya chakula chetu, nami nikamjibu kwamba yeye alimpa Bafwasende siri yangu. Jumamosi iliyofuata, kwenye phonie, tonton aliuliza kama mtoto anaendelea vizuri, na mama akasafisha koo. “Injini bado inavuya kidogo,” alisema. “Lakini si kama mbele. À vous.” Tonton alielewa mara moja. Askari wa kofia aliandika kitu. Dawa ya koko ilifika baadaye ndani ya gunia la maharagwe, mizizi michungu ambayo ningeweza kuitapika hata leo nikiifikiria, na sijui kama ni yenyewe iliyonisaidia, maana ugonjwa uliondoka miezi mingi baadaye, pole pole, bila kuaga.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumatatu ile, siku nne kabla ya ndege yangu, nilikwenda shule bila kujua kitu. Mtangazaji alirudi na kichwa chake cha upara. Mapumzikoni umati ulikusanyika kwenye tofali, wakadai habari za baba aliyefufuka. Hakupanda. Alisema mawimbi ni mabaya, akaketi kivulini akala karanga. Hakuniita, hakunitazama, nami nikajiambia kwamba basi, hilo ndilo lote nitakalopata.

Tuliporudi ndani, katikati ya imla, mashine ya mihogo ilinyamaza.

Vichwa vikageuka. Niliiona midomo inafunguka kwa pamoja, na mwalimu akageukia ubao. Nyuma kabisa benchi likalia sakafuni. Mtangazaji alikuwa amesimama. Hakutumia sauti ya bwana wa miwani. Alitumia yake, nyembamba kidogo, ambayo nadhani wengi wetu hatukuwa tumewahi kuisikia.

“Muache,” alisema. “Leo barrage iko mimi.”

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliacha chaki ubaoni. Mvulana wa viatu, pale benchi la mbele, aligeuka akamtazama kwa muda mrefu, halafu naye akasimama, sijui kama alikuwa na ugonjwa wetu au alisimama tu. Ijumaa ndege ya Butembo iliondoka na magunia matupu peke yake.